Kalamu Badala ya Kipanya

Askari aliyetumikia miaka mingi aghalabu huwa na picha mbili asizoweza kuzitupa: ile aliyopigwa siku ya kumaliza mafunzo, amesimama wima katika sare mpya, na ile ya wazazi wake. Picha hizo huishi maisha magumu. Huhama naye kutoka kambi hata kambi ndani ya sanduku la bati, hulala pamoja na viatu na rangi yake, hunyeshewa, hukunjwa na kukunjuliwa, na siku moja mwenyewe huzitoa akakuta uso wa marehemu baba yake umekatwa na mstari mweupe kutoka kwenye paji hadi kidevuni. Hapo ndipo anapoomba ruhusa ya kwenda mjini kumtafuta mtu wa kuitengeneza.

Katika miji ya Jinja na Mbale watu wa kazi hiyo wapo. Jinja utawakuta katika maduka ya barabara kuu na vichochoro vyake. Mbale utawakuta katika mitaa inayouzunguka mnara wa saa. Chumba ni kidogo. Kuna pazia la kupigia picha za pasipoti, kuna kompyuta na mashine ya kuchapa, na kuna kijana aliyeinama mbele ya skrini, mkono wake ukisukuma kile kidude tunachokiita kipanya. Mteja huketi kwenye benchi akingoja. Mara nyingi anachopewa mwishoni ni uso laini kama yai, usio na mikunjo wala kovu, ambao mama mzazi wa aliyepigwa picha angeutazama akauliza ni wa nani.

Wengi hudhani kosa ni la kijana, na wengine huilaumu kompyuta. Sisi twasema kwamba sehemu kubwa ya kosa imo katika chombo alichoshika mkononi. Kipanya hakikubuniwa kwa kazi ya uso wa mwanadamu. Kipo chombo kingine, kibao bapa chenye kalamu yake, ambacho huunganishwa na kompyuta ile ile na kufanya kazi na programu zile zile, nacho humrudishia mrekebishaji picha kitu ambacho wazee wa kazi yake walikuwa nacho na ambacho yeye alinyimwa bila kujua: uzito wa mkono wake mwenyewe.

PENSELI YA WAZEE

Kurekebisha picha hakukuanza na kompyuta. Tangu zamani za vioo na filamu, studio za Afrika Mashariki zilikuwa na fundi wa kukaa dirishani na penseli. Ndivyo kazi ilivyokuwa katika miji ya pwani, ambako Ranchhod Oza alifungua studio yake ya Capital Art huko Unguja mwaka 1930, na ambako N. V. Parekh aliwapiga picha watu wa Mombasa kwa miaka mingi. Katika miji ya Uganda, biashara ya picha, kama biashara nyingine za madukani, ilikuwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwa Waasia hadi walipofukuzwa nchini mwaka 1972. Jinja nao ulikuwa mji wa kambi tangu enzi za King's African Rifles, na palipo na kambi hapakosi kijana anayetaka kuwapelekea watu wa nyumbani sura yake akiwa ndani ya sare.

Inafaa tueleze jinsi fundi yule alivyofanya kazi, kwa maana vijana wa leo hawajaiona. Negativu iliwekwa juu ya kioo cheupe katika meza ya mteremko, na chini yake kioo cha kujitazamia kilirudisha juu mwanga wa dirisha. Negativu ilipakwa dawa nyembamba ya kunata kwa kitambaa ili penseli ipate kushika. Penseli yenyewe ilichongwa kwa msasa mpaka ncha yake ikawa ndefu na kali kama sindano. Sasa kumbuka kwamba katika negativu mambo yote ni kinyume: palipo na kivuli usoni, negativu ni angavu, palipo na nuru, negativu ni nyeusi. Hivyo mkunjo wa chini ya jicho ulionekana kama mstari mwangavu, na fundi aliujaza kwa vipigo vidogo vidogo vya penseli hadi ulipolingana na jirani zake. Alipozidisha, mkunjo ulitoka katika picha kama doa jeupe. Alipopunguza, haukubadilika. Kazi yote ilikuwa katika kupima.

Picha ikishatoka katika maji, vidoa vyeupe vilivyoletwa na vumbi vilifunikwa kwa brashi ya manyoya machache na rangi ya majimaji. Palipotakiwa kupunguza weusi, alitumia wembe au kisu kidogo, akikwaruza kwa upole utando wa juu. Penseli, brashi na kisu, vyote vitatu vilimtii mtu kwa jambo moja: akikandamiza sana alama ilikuwa nzito, akikandamiza kidogo ilikuwa nyepesi. Jambo hili ni jepesi mno hata hakuna aliyefikiri kulitaja, mpaka siku lilipopotea.

NDUGU WA MWAKA MMOJA

Lilipotea pale kompyuta ilipoingia studio na kuleta kipanya. Ajabu ni kwamba kipanya na kibao cha kalamu ni ndugu waliozaliwa wakati mmoja na katika jimbo moja la Marekani, California. Kipanya cha kwanza kilitengenezwa mwaka 1964 katika taasisi ya utafiti ya Stanford. Wazo lilikuwa la Douglas Engelbart, na aliyekiunda ni mwenzake Bill English. Kilikuwa kisanduku cha mti chenye magurudumu mawili chini yake, nacho kilionyeshwa hadharani mjini San Francisco tarehe 9 Desemba 1968. Mwaka huo huo wa 1964, shirika la RAND huko Santa Monica lilitoa kibao cha mraba, upande wake yapata inchi 10, ambacho juu yake mtu aliandika kwa kalamu, na kompyuta ikatambua pointi zaidi ya milioni moja. Kibao hicho kiligharimu maelfu ya dola, fedha ambazo mtu wa kawaida asingeziota. Kipanya kilikuwa rahisi, kilifaa kwa kazi ya ofisini ya kuchagua na kubonyeza, na ndicho kilichoenea duniani.

Ndugu wa pili hakufa. Mwaka 1983 ilianzishwa huko Japani kampuni ya Wacom, ambayo ilileta kalamu isiyo na waya wala betri. Mwezi Februari 1990 ilitoka programu ya Photoshop, iliyobuniwa na ndugu wawili wa Marekani, Thomas na John Knoll, nayo ikawa meza mpya ya mrekebishaji. Mwaka 1996 ikatolewa GIMP, programu ya bure inayofanya sehemu kubwa ya kazi hizo, na inayoutambua uzito wa kalamu vilevile. Leo kampuni nyingi hutengeneza vibao hivi, na kidogo kabisa huuzwa kwa bei inayokaribia ile ya simu nyepesi ya skrini ya kugusa. Kisingizio cha bei, basi, hakina nguvu kilichokuwa nayo zamani.

RAMANI NA MWELEKEZO

Askari ataelewa upesi tofauti ya vyombo hivi viwili kwa mfano wa ramani. Kipanya ni kama mtu anayekuelekeza njia kwa mdomo: nenda kulia kidogo, panda juu, rudi nyuma. Hakijui mahali kilipo. Kinajua tu kimesogea kiasi gani kutoka pale kilipokuwa. Ukikiinua na kukiweka mahali pengine mezani, mshale wa kwenye skrini haujali. Kibao cha kalamu ni ramani yenye miraba. Kila pointi ya kibao ina pointi yake moja kwenye skrini. Ukigusa kona ya juu kushoto ya kibao, umefika kona ya juu kushoto ya skrini, leo na kesho na keshokutwa. Baada ya siku kadhaa mkono hujifunza ardhi hiyo, na mtu huliendea jicho la kushoto la picha bila kutafuta, kama mtu anavyokipeleka kijiko mdomoni gizani.

Namna kalamu inavyofanya kazi pasipo betri ni jambo linalostahili kuelezwa. Chini ya uso wa kibao umetandazwa mtandao wa nyaya nyembamba. Nyaya hizo hutoa mawimbi ya sumaku-umeme, na ndani ya kalamu mna koili ndogo ya waya inayopokea mawimbi hayo, ikapata kutoka kwayo nguvu kidogo, kisha ikayarudisha. Kibao husikiliza jibu hilo mara nyingi katika kila sekunde na kutambua kalamu iko wapi. Ncha ya kalamu inapokandamizwa, jibu hubadilika, na mabadiliko hayo ndiyo kipimo cha uzito wa mkono. Vibao vingi vya sasa hupima ngazi 8,192 za uzito. Twakiri kwamba mkono wa binadamu hauwezi kuzitofautisha ngazi zote hizo, na tangazo la dukani linalojisifia idadi hiyo lisimtie mtu wazimu. Ngazi 1,024 au 2,048 za vibao vya zamani zilitosha kabisa kwa kazi nzuri.

Kipanya kina ngazi mbili: kimebonyezwa au hakikubonyezwa. Mtu aliyefundishwa shabaha anajua maana yake. Kifyatulio cha bunduki huvutwa pole pole, kidole kikihisi mahali kinapoanza kushika, na anayekipokonya ghafla hulikosa lengo. Mrekebishaji anayetumia kipanya ni kama mlenga shabaha aliyepewa kifyatulio kisichohisi kitu. Akitaka alama hafifu hana budi kusimama, kwenda pembeni mwa skrini, kupunguza nguvu ya brashi kwa tarakimu, kurudi, kubonyeza, kutazama, na kwenda tena. Kwa uso mmoja atafanya safari hizo mara mia. Akichoka, na lazima achoke, atachukua njia ya mkato: atapaka ukungu juu ya uso wote. Ule uso laini kama yai tuliousema, huzaliwa hapo.

MAJI YA NABUYONGA

Tuchukue kazi moja ya kweli tuone chombo kinavyosaidia. Usiku wa tarehe 30 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika mjini Mbale. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, na nyumba nyingi ziliingiwa na maji na tope. Miaka 12 kabla ya hapo, tarehe 1 Machi 2010, mlima uliporomoka juu ya Nametsi katika Bududa na kukizika kijiji pamoja na watu wake, na wanajeshi wakawa miongoni mwa waliofika kuchimbua. Misiba ya namna hiyo huacha jamaa wakiwa na picha moja tu, tena iliyoloa, ya mtu ambaye hatapigwa picha nyingine.

Kabla ya kalamu na kompyuta kuna kazi ya maji. Picha ya zamani ya studio iliyogandamana na kioo cha fremu isibanduliwe kwa nguvu, kwani utando wenye sura utabaki kwenye kioo na karatasi tupu itabaki mkononi. Ikiwa kioo hakitoki kwa hiari, picha ipelekwe kama ilivyo na inakiliwe papo hapo kupitia kioo. Picha za zamani zilizonatana zenyewe kwa zenyewe huweza kulowekwa katika maji safi ya baridi mpaka ziachane, kisha zilazwe kivulini, uso juu, zikauke. Lakini picha iliyotoka katika mashine ya wino ya kompyuta haivumilii maji, na kuiloweka ni kuiua mara ya pili.

Picha ikishakauka, hupitishwa katika skana. Kwa picha ndogo ya kitambulisho itakayokuzwa hadi kiasi cha kuwekwa juu ya jeneza au ukutani, pointi 1,200 kwa kila inchi si nyingi; kwa picha ya kadi ya posta, 600 zatosha. Nakala hiyo ya kwanza huhifadhiwa bila kuguswa. Kazi yote hufanywa juu ya tabaka jingine, mfano wa karatasi angavu iliyowekwa juu ya picha, ili kila kipigo kiweze kuondolewa pasipo kuidhuru ya chini.

Hapo kalamu huanza. Ufa uliopita shavuni haufunikwi kwa mkokoto mmoja mrefu. Mrekebishaji huchukua chembe za ngozi kutoka pembeni mwa ufa na kuzipandikiza ndani yake kwa vipigo vifupi, akifuata mviringo wa shavu, akikandamiza zaidi katikati ya ufa na kulegeza anapofikia kingo. Kule kulegeza ndiko kunakoificha kazi. Kwa kipanya kila kipigo huisha ghafla kama kilivyoanza, na jicho la mtazamaji huiona kingo hata kama hawezi kusema ameona nini. Kwa kalamu kipigo huingia kimya na kutoka kimya, kama penseli ya yule mzee wa dirishani. Doa la tope lililo kwenye kola ya sare au kwenye ukuta wa nyuma, hilo halina ugumu na kipanya kingelimaliza vilevile. Nywele, nyusi na ukingo wa mdomo ndivyo vinavyomtofautisha mwenye kalamu na asiye nayo, kwa kuwa unywele mmoja huanza mnene na kuisha mwembamba, na kipanya hakijui kuchora kitu cha namna hiyo.

Je, jicho likiwa limeliwa na maji, lisionekane kabisa? Baadhi ya mafundi huligeuza jicho la pili na kulipandikiza mahali pake. Familia hufurahi, maana picha imekamilika. Lakini nyuso zetu hazilingani pande zote mbili, na mtu aliyekuwa na jicho moja lililofumba kidogo amegeuzwa kuwa mtu mwingine. Kwa maoni yetu fundi mwaminifu humwambia mteja kwanza: hapa hakuna kitu, nitakachoweka ni changu mimi. Mteja akikubali, na iwe hivyo, naye ajue.

UNGA WA ULEZI

Nguvu ya kalamu huleta hatari yake, nayo huonekana sana Mbale katika miaka inayogawanyika kwa mbili, ule msimu wa imbalu, Wamasaba wanapowatahiri vijana wao. Wapiga picha huwa na kazi kutwa kucha. Kijana wa imbalu hupakwa unga wa ulezi uliochanganywa na maji, naye hucheza katika vumbi akiwa na kengele mapajani, jasho likichora mifereji katika unga ule. Sasa mpe picha hiyo mrekebishaji mwenye kalamu nzuri ambaye hakuzaliwa katika mila hiyo, umwambie aisafishe. Ataondoa unga! Ataondoa vumbi, atafuta mifereji ya jasho, na kukurudishia kijana safi aliyetoka kuoga. Ameharibu picha kwa ustadi mkubwa. Yule wa kipanya asingeweza kuharibu kwa uzuri namna hiyo.

Kwa askari hatari yenyewe ina sura nyingine. Yupo mteja atakayeleta picha ya ndugu yake marehemu, koplo, na kuomba aongezewe alama za begani ili katika mazishi aonekane sajini au zaidi. Yupo atakayetaka kichwa chake kiwekwe juu ya sare ambayo hakuivaa siku hata moja. Wa kwanza yamkini anasukumwa na mapenzi; wa pili mara nyingi anatafuta mtu wa kumtapeli, na wananchi waliowahi kuombwa fedha na mtu mwenye picha ya namna hiyo katika simu hawahitaji kuelezwa. Sheria za nchi zinamkataza raia kuvaa sare ya jeshi au ya polisi bila idhini. Fundi anayemvika mtu sare kwa kalamu anamtengenezea njia. Hao wote wawili wakataliwe, na wa kwanza akataliwe kwa upole: cheo hutolewa na amri ya jeshi, na marehemu hakukiomba.

Udanganyifu huo hauhitaji kompyuta. Katika Urusi ya Stalin, Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi ya siri, alipigwa picha akitembea na bwana wake kando ya mfereji wa Moscow. Yezhov mwenyewe akaangushwa, akauawa mwaka 1940, na katika picha iliyotolewa baadaye pale aliposimama pana maji tu. Kazi hiyo ilifanywa kwa brashi na mikono iliyojua sana kazi yake.

Ndugu zetu polisi wana sharti kali kupita yote. Picha ya mahali pa tukio, ya maiti, ya silaha au ya alama za vidole haiguswi kwa kalamu wala kwa kipanya. Doa likiwemo, libaki. Giza likizidi, hutengenezwa nakala ya pili iliyoongezwa mwanga, ikaandikwa nani ameiongeza, lini na kwa njia gani, na ya kwanza ikabaki kama ilivyotoka katika kamera. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Uganda ya mwaka 2011 inamtwika mzigo yule anayeleta rekodi ya kielektroniki mahakamani: yeye ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba ni ya kweli. Wakili hodari akiuliza kama picha iliguswa, na jibu likawa ndiyo, kidogo tu, upande wa pili, basi kidogo hicho chaweza kumfungulia mlango mwizi.

Mfano mzuri wa kutogusa tunao nchini. Katika shirika la utangazaji la taifa, UBC, zilipatikana negativu zipatazo 70,000, nyingi zikiwa za wakati wa utawala wa Idi Amin, na mwaka 2018 ilianza kazi ya kuziingiza katika kompyuta kwa ushirikiano na vyuo vikuu vya Michigan na Western Australia. Mwaka 2019 baadhi yake zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho mjini Kampala. Katika picha za namna hiyo mikwaruzo na vumbi ni sehemu ya ushahidi wa mahali zilipolala. Anayetaka kuipamba moja kwa ajili ya ukuta wake achukue nakala. Hifadhi yenyewe haipambwi.

KUJIFUNZA

Sasa kwa yule askari anayefikiria kazi ya kufanya baada ya kustaafu, au mke wake aliye na kompyuta nyumbani, twasema maneno machache ya kazi. Siku za kwanza za kalamu ni chungu. Mkono uko mezani, macho yako kwenye skrini, na kichwa kinakataa kuviunganisha. Wengi hukiweka kibao kabatini baada ya siku tatu wakarudia kipanya, wakasema chombo hakifai. Dawa yake ni ya kikatili lakini hufanya kazi: kifiche kipanya kwa wiki mbili. Fungua barua kwa kalamu, funga madirisha kwa kalamu, chagua nyimbo kwa kalamu. Andika jina lako kila asubuhi mpaka lifanane na sahihi yako. Kibao kisiwe kikubwa mno. Kilicho na eneo la kuchorea la kiasi cha karatasi iliyokunjwa mara moja humtosha mrekebishaji wa nyuso, na mkono hautembei mbali. Na kibao kikae sawa na skrini, kisipinde, kwa kuwa ramani iliyowekwa upande hupoteza watu.

Mkono nao una haki yake. Anayebonyeza kipanya kutwa nzima, kiganja kimelazwa kifudifudi, baada ya miaka huanza kulalamika maumivu ya kifundo na ganzi ya vidole. Kalamu hushikwa kwa namna ambayo mkono umeizoea tangu shule ya msingi, na wengi huona nafuu. Hata hivyo, aishikaye kwa kuibana kama mtu anayeogopa kunyang'anywa ataumia vilevile. Vidole vilegezwe, na mtu ainuke kila baada ya muda atazame nje.

Wala tusiseme kwamba kila duka linahitaji chombo hiki. Anayepiga picha za pasipoti peke yake, akate pembe na kuweka nyuma nyeupe, kipanya kinamtosha. Hata kazi hiyo inapungua, kwani tangu uandikishaji wa vitambulisho vya taifa ulioanza mwaka 2014, picha ya kitambulisho hupigwa na kamera ya serikali pale pale mezani. Kinachobaki kwa studio za Jinja na Mbale, na kinachozidi kuletwa, ni picha za zamani na picha za mazishi, na hizo ndizo kazi za kalamu. Umeme hautumii mwingi. Kibao hunywa kutoka katika kompyuta yenyewe kwa waya mmoja. Jinja uliokuwa mama wa umeme wa nchi tangu bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954 nao hukatikiwa, na mwenye kompyuta ya mapajani humaliza uso aliouanza.

Ncha ya kalamu huisha, maana husuguliwa na kibao kama soli ya kiatu. Ikianza kuwa na ukingo wa upande mmoja, itolewe kwa kikoleo kidogo kinachokuja ndani ya boksi na kuwekwa nyingine. Aghalabu za akiba huwemo humo humo. Ncha iliyochakaa huchora mifereji katika uso wa kibao, na mifereji hiyo haizibiki.

Na wewe unayepeleka picha, ndugu msomaji, unapoifikisha dukani omba mambo matatu kabla ya kulipa: urudishiwe picha yako ya asili siku ile ile, upewe nakala ya skana isiyoguswa pamoja na ile iliyorekebishwa, na uketi karibu na fundi afikapo usoni, kwa sababu kovu la shavuni ambalo yeye analiona kuwa ufa wa karatasi, wewe ndiwe unayejua marehemu alilipata wapi.